Pambano la Vifaru Lililopiganwa Endagikot

Mume wangu alinunua dishi kwa fedha ya vitunguu saumu, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua dishi hilo lina kazi gani. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mbichi. Sisi watu wa Mbulu tulikuwa hatujamaliza kununa kwamba makao makuu yamepelekwa Babati, na mume wangu aliona njia nzuri ya kuwajibu watu wa Babati ni kusimamisha juu ya baa yetu kitu cheupe, kipana kuliko mlango wa baa yenyewe, kinachoonekana tangu mbali barabarani. Alisema biashara huria imefika Endagikot. Mimi nilikuwa nimeomba mashine ya kusaga.

Dishi lilituletea chaneli kadhaa za Kiingereza, moja ya Kiarabu, na moja ya watu waliopika keki kutwa nzima. Wateja walikunywa, wakatazama keki, wakaenda zao. Kisha Wamarekani wakaingia Iraki, baa ikajaa mpaka watu wakakalia makreti.

Shida ilikuwa lugha. Kwa wengi wetu Kiswahili chenyewe tulikikuta shuleni, na hicho Kiingereza cha televisheni kilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege ya watalii. Mume wangu akamtafuta rafiki yake, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu aliyevaa koti la suti hata akienda kuchimba viazi. Wakakubaliana kwamba mwalimu atatafsiri vita na mimi nitampa supu. Mimi sikuwepo kwenye makubaliano hayo.

Kiingereza cha mwalimu kilikuwa kizuri sana kikiwa kimeandikwa ubaoni. Wale wa televisheni walikuwa wanakimbia nacho. Mwalimu alisimama pembeni ya kioo na fimbo yake ya darasani, akasikiliza kwa uso mzito, na mtangazaji akimaliza maneno mengi kwa pumzi moja, mwalimu aligeuka kwetu akasema hali ni tete. Wiki ya kwanza yote hali ilikuwa tete. Wazee walipoanza kunung'unika kwamba mzungu amesema mengi kuliko hayo, mwalimu akaanza kuongeza. Alituletea majenerali, mipango yao, na magomvi yao na wake zao. Supu ikaongezwa nyama.

Watu waligawanyika kama wanavyogawanyika kwenye mpira wa Dar es Salaam. Upande wa dirishani walikaa wa Marekani, upande wa kaunta wakakaa wa Iraki, na aliyechelewa alikuwa wa upande wenye nafasi. Diwani wetu ndiye aliyepata taabu. Alikuwa hajapokea maelekezo kutoka wilayani kuhusu vita hiyo, na wilaya ilikuwa haijapokea kutoka mkoani, maana mkoa bado ulikuwa unatafuta viti vya ofisi. Kwa hiyo alisimama mlangoni, bia mkononi, akatangaza kwamba kata yetu haifungamani na upande wowote. Alisimama hapo mpaka mwisho wa vita.

Neno kifaru nalo lilitusumbua siku ya mnada. Mfugaji mmoja mzee aliyepanda na ng'ombe wake kutoka tambarare za Hanang alisikia kwamba vifaru wengi wanapigana huko jangwani, akaingia kuwaona, kwa sababu alisema wa mwisho aliyemwona yeye ni wakati wa ujana wake. Mwalimu akamweleza kwamba hivi ni vya chuma, vina mzinga mbele na watu tumboni. Mzee akatazama kwa heshima. Akauliza vinakula nini. Akaambiwa mafuta ya dizeli. Basi akaomba supu. Katika wiki zote zile alikuwa mteja pekee aliyekula akaondoka bila kutuambia nani atashinda.

Kila siku watangazaji walisema kwamba pambano lenyewe bado. Karibu na mji mkuu, walisema, vifaru vya walinzi wa rais vimejichimbia mchangani, vinasubiri, na siku vikikutana na vya Wamarekani ndipo vita itakapoamuliwa. Tukangoja pambano la vifaru kama tunavyongoja fainali. Ukaja upepo wa mchanga, na kwa siku kadhaa kioo chetu kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa tu. Watu walikaa wakaitazama chai hiyo mpaka nilipofunga.

Katikati ya kungoja huko ndipo mama jirani yetu alipoingia kwenye vita.

Alikuwa mjane, mtu wa kanisa, shamba lake la maharage linapakana na letu. Mtoto wake wa pekee wa kiume alianza kama utingo kwenye malori ya vitunguu yaendayo Arusha. Baadaye wakandarasi wa barabara wakamfundisha kuendesha gari lao la maji, lile la kumwagilia vumbi, na kutoka hapo dalali mmoja wa Dar es Salaam akampeleka Kuwaiti kuwa dereva. Mama yake alijua Kuwaiti ni mbali kupita Dodoma. Zaidi ya hapo hakuuliza.

Mume wangu alikuwa na simu ya mkononi, ya kwanza upande wetu, na mtandao ulipatikana sehemu moja tu, kilimani nyuma ya kanisa, mtu akiwa ameegemea mkaratusi. Siku moja mume wangu alikuwa ameuegemea, simu ikalia. Alikuwa yule kijana. Sauti ilikuja ikikatika. Alisema mwambie mama mimi mzima, naendesha tanki, tunaingia jangwani na Wamarekani. Kisha simu ikafa.

Mume wangu alishuka kilima mbio na kuleta habari hiyo baa kabla ya kuipeleka kwa mama mwenyewe. Alipoitwa, mama alikuja na kanga yake ya shambani, mikono ina udongo. Akasikiliza. Akasema taratibu kwamba tanki litakuwa gari la maji, kwa sababu ndilo gari mtoto wake analolijua.

Mwalimu akatabasamu kama anavyotabasamu kwa mwanafunzi aliyekaribia jibu.

"Mama," akasema, "kwa Kiingereza tanki ni kifaru."

Nilimtazama mama. Alifungua mdomo kusema kitu, lakini mume wangu alikuwa tayari amesimama kutoka kwenye kiti chake cha sponji, kile ambacho mimi mwenyewe sikuruhusiwa kukikalia, amekipangusa kwa mkono na kukisogeza mbele ya kioo. Mama akakitazama kiti, akatutazama sisi, akakaa. Soda ikaja. Diwani akatoka mlangoni kwa mara ya kwanza, akampa mkono, akasema kata imepata heshima, bila kufungamana.

Tangu siku hiyo mama alikuja kila alasiri. Watu waliokuwa hawamsalimii njiani walianza kumpa shikamoo wakiwa mbali, na wengine walikuwa na umri wake. Palizi yake ilifanywa na vijana wa upande wa dirishani. Vijana wa upande wa kaunta, waliokuwa wakiombea mtoto wake apigwe, walimletea kuni, kwa sababu mambo ya vita hawakuyachanganya na ujirani. Mwalimu naye akawa anamtafutia mtoto kwenye picha. Kikipita kifaru chochote, fimbo ilinyanyuka: kile cha tatu, mama, kile chenye bendera. Kama havikupita, mwalimu alitafsiri kwamba kijana amekula vizuri, yuko kivulini, anapaka mashine grisi.

Siku moja tulikuwa tunachambua maharage uani kwake, wawili tu. Nikamuuliza kama kweli anaamini ni kifaru.

"Mwalimu amesema ni kifaru," akajibu. Akapepeta kidogo, akaongeza, "Na kile kiti, mwanangu, kanisani sijawahi kukalia mbele kiasi kile."

Hatimaye mchanga ukatulia na watangazaji wakaanza kupiga kelele. Pambano la vifaru limefika. Mume wangu alitangaza habari hiyo mpaka kijiji cha Daudi, watu wakaacha mashamba katikati ya palizi. Walikuja na watoto, wengine na vigoda vyao. Nilichinja kuku ambao sikupanga kuwachinja. Mama alikaa kwenye kiti chake, amevaa gauni la Pasaka.

Ila masika yalikuwa yameshaanza. Picha zilipoonyesha msururu wa vifaru ukipita kando ya mitende, na moshi mweusi mbele yake, wingu liliangusha mvua yote juu ya mabati yetu. Picha ikakatika vipande vya mraba, vikasogea, vikaganda, kisha kioo kikawa cheusi na maandishi madogo ya Kiingereza katikati. Watu wakamgeukia mwalimu. Akasoma, akasema hakuna mawasiliano. Hiyo ndiyo tafsiri pekee ya kweli aliyoitoa mwezi ule, na haikumridhisha mtu.

Mume wangu alipanda juu ya bati kushika dishi kwa mikono yake. Tulimsikia akiteleza. Ndani watu wakaanza kudai pambano lao; wengine walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Maretadu. Mwalimu akatazama kioo cheusi, akamtazama mama, akatazama ule umati. Kisha akavua koti. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti.

Akapigana vita yote mwenyewe. Alipaza sauti juu ya mvua, fimbo ikawa mzinga, meza ya kaunta ikawa tuta la mchanga. Huku kwetu maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango, na yeye anatueleza jinsi koo zinavyokauka kule jangwani na chuma kinavyochoma mikono. Na tulimwona huyo kijana wetu. Alikuwa wa kwanza kupita tuta. Alipiga kimoja, akapiga cha pili. Upande wa dirishani wakarusha kofia. Upande wa kaunta wakalalamika kwamba mwalimu anapendelea, na wao wamenunua bia kama wengine. Nadhani hilo ndilo lililomponza. Alitaka kuwaridhisha nao. Akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba sasa vya Iraki vimetoka nyuma. Vimemzunguka. Mnyororo wa kifaru chake umekatika. Amebaki peke yake kwenye moshi, na mafuta yanavuja.

Upande wa kaunta wakashangilia.

Mama aliinuka. Alipita katikati ya watu, wakampisha, akatoka kwenye mvua na gauni lake la Pasaka. Mwalimu alibaki na fimbo juu. Mimi niliweka sufuria chini nikamfuata.

Nilimkuta kwake ameketi jikoni mbele ya mafiga, moto haujawashwa, maji yanamtiririka. Nilimfunga kanga yangu ambayo nayo ilikuwa imelowa. Nikamwambia kwamba mwalimu ni mwongo, kila mtu anajua, hata mzungu hajasema hivyo, dishi limezimika. Nikamwambia hakuna kifaru, ni gari la maji.

"Najua ni gari la maji," akasema. "Nilijua tangu siku ile. Lakini gari la maji nalo linaungua."

Niliwasha moto.

Baada ya siku ile hakuja tena baa. Kiti kilibaki mbele ya kioo na hakuna aliyethubutu kukikalia, hata mume wangu. Huko Iraki mji mkuu ukaanguka, sanamu la rais wao likavutwa kwa kamba, upande wa dirishani wakashinda, lakini hawakujua washangilie nini. Mume wangu, aliyekuwa na goti limevimba kwa kuanguka kutoka juu ya bati, alipanda kilimani kila asubuhi na fimbo ya kutembelea, akauegemea ule mkaratusi. Simu haikulia. Alianza kukonda. Simu ya gharama kama ile, aliniambia, na inajua kunyamaza tu.

Mwalimu alikuja kwa mama siku ya Jumapili, amevaa koti. Nilikuwepo. Alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akaanza kueleza kwamba kwa uchambuzi wake wa baadaye, kutokana na vyanzo vingine, ule mnyororo haukukatika kabisa. Ulilegea tu. Kijana alishuka akaufunga. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa vyanzo, akammiminia chai.

"Nakushukuru, mwalimu," akasema. "Sasa naomba umrudishe kwenye gari la maji."

Mwalimu alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. Akasema sawa, mama. Amerudi.

Kijana alipiga simu mvua zikiwa zinaisha. Mume wangu alikaa chini palepale chini ya mti, akamwambia asikate, akamtuma mtu kumleta mama, na mama alipanda kilima kile kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitembea. Waliongea mambo ya ng'ombe na kikohozi cha mama. Mama alimuuliza anakula nini. Hakumuuliza habari za vita.

Kijana alirudi mwaka uliofuata, kabla ya Krismasi, mwembamba, na blanketi zito la kumpa mama yake begani. Diwani alitaka kumpokea barabarani na mgambo wa kata wakipiga saluti. Kijana alikuja na lori la usiku, asubuhi tukamkuta ameshakwangua matope kwenye zizi la mama yake. Ilibidi mapokezi yafanyike baa. Watu walijaa kama siku ya pambano. Mume wangu alizima televisheni kwa heshima.

Kijana alisimama, akasema ukweli. Hajawahi kupanda kifaru. Aliendesha gari la maji, nyuma kabisa ya msafara, na kazi yake ilikuwa kuwafuata. Pambano lenyewe hakuliona. Walifika asubuhi yake. Alisema vile vya Iraki vilikuwa vimejipanga kando ya barabara, vingine vimeng'oka vichwa, vimelala pembeni kama masufuria. Vilikuwa bado vina moto wa kuhisi usoni ukipita. Kimoja hakikuwa kimeungua chote, na kwenye mzinga wake mtu alikuwa ameanika soksi. Zilikuwa jozi mbili, zimefuliwa vizuri. Alisema alisimama kuzitazama soksi zile mpaka dereva wa nyuma akampigia honi. Halafu wakaambiwa wawape maji mateka, akafungua bomba, wakaja mmoja mmoja na viganja vyao, wengine bado hawajaota ndevu. Mmoja alisema neno ambalo alidhani ni asante.

Mtu mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole kijana mwenyewe alipiga vifaru vingapi.

Kijana akarudia kwamba alikuwa dereva wa maji. Wakatazamana. Nilisikia minong'ono kwamba huko Uarabuni kijana amepoozwa, ushujaa umemtoka. Diwani ndiye aliyemwokoa. Alipiga hatua mbele, akatukumbusha kwamba ndugu yetu amekula kiapo, kuna siri za kijeshi ambazo hawezi kuzisema mbele ya raia, na jinsi alivyozificha vizuri ni ushahidi tosha wa ushujaa wake. Watu wakapiga makofi kwa furaha na nafuu. Kisha mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni, akaombwa asimame. Alikataa mara ya kwanza. Supu ilipofika akasimama, akaanza kututafsiria kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili: kijana anaposema maji, alisema, tuelewe ni mafuta. Anaposema soksi, ni bendera nyeupe.

Kijana alimsikiliza kidogo, kama mtu anayesikiliza habari za mtu mwingine, akatoka nje kwa mlango wa jikoni. Nilimpa ndoo akanisaidia kuteka maji.

Alipotaka kuoa, alichagua binti kutoka kijiji cha Daudi, muuguzi, mtulivu. Tukaenda kuposa: mama, mimi, mume wangu na wazee wawili. Baba wa binti alikuwa mkulima mwenye mashamba mazuri, na habari za kifaru zilimfikia siku nyingi. Kwa hesabu yake mtu aliyeshinda vita ya dunia hawezi kutoa mahari ya mkulima wa maharage. Mama akamweleza, kwa adabu, mbele ya wazee wote, kwamba mwanawe hajawahi kuwa mwanajeshi, ni dereva wa gari la maji. Yule baba akacheka, akawageukia ndugu zake. Alisema amekaa kwenye posa nyingi maishani, amesikia watu wakijifanya maskini kwa kila namna, lakini hii ya gari la maji hajawahi kuisikia, na anaipongeza. Hakushusha hata ndama.

Ikabidi kutoa. Mume wangu alichangia dume letu moja. Alisema ni gharama ya dishi.

Harusi ilikuwa nzuri. Mvua ilisubiri mpaka watu wakala. Mimi nilikuwa nyuma ya banda na masufuria, nikamwona baba mkwe akimvuta bwana harusi kando, mbali na spika. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akatazama kushoto na kulia. Alisema sasa wao ni ndugu, siri haitoki hapo, na yeye hana mahitaji makubwa. Kuna jambo moja tu limemsumbua tangu aliposikia habari ile.

"Hicho kitu," akauliza, "usukani wake ni mzito?"

Bwana harusi alimtazama. Nilidhani ataanza tena habari ya maji. Alikuwa amechoka, amevaa suti ya kuazima inayombana mabegani, na yule mzee alikuwa anamngoja kwa macho ya mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya swali hilo.

"Kwenye kona, baba," akasema. "Kwenye kona ni mzito kidogo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole. Akamgongagonga mgongoni, akarudi kwa wageni wake, akala nyama kwa hamu.